Punje za Ujana Usoni pa Mtu Mzima

Chunusi, Waarabu huziita habb al-shabab. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: habb ni punje, na shabab ni ujana, shina lile lile lililotupa sisi shababi, kijana aliyeiva. Punje za ujana. Ni jina tamu, na aliyelibuni bila shaka alikuwa akimtazama mvulana wa miaka 15 mwenye paji la uso linalong'aa kwa mafuta. Lakini mwanamke wa Muscat mwenye miaka 40 na watoto watatu, kidevu kikimuuma, naye hana jina jingine la kumpa daktari wake ila hilo hilo. Anaugua ujana.

Tiba ya Magharibi nayo haikusalimika. Istilahi yake, akne, huaminika kuwa imetokana na neno la Kigiriki akme, yaani ncha au kilele, na wengi hukichukulia kilele hicho kuwa ni kile cha kupevuka mwili. Anayetajwa kama chanzo ni Aetius wa Amida, tabibu wa karne ya 6. Mahali fulani katika kunakiliwa, m ikageuka n, na hakuna aliyejisumbua kuirudisha. Sina ugomvi na kosa hilo. Lugha zote zina makosa ya wanakili yaliyopata heshima kwa kukaa sana. Kinachonishughulisha ni kwamba lugha mbili zisizo ndugu ziliutazama uso mmoja, zikaamua kwamba hili ni jambo la umri.

Sasa chukua letu. Chunusi. Livunje upendavyo, hutamkuta kijana ndani yake. Halitaji umri, halitaji kilele wala punje. Lina jirani wa ajabu tu, yule chunusi wa majini ambaye wavuvi na waogeleaji humtuhumu kwa kumvuta mtu chini na kumzamisha. Huyo yuko katika ngeli ya viumbe, na mimi siwaunganishi hao wawili kwa undugu, kwa sababu kufanana kwa sauti si ushahidi. (Ingawa aliyewahi kupata ule uvimbe wa ukubwani usiotoa mdomo, unaouma chini kwa chini siku nenda siku rudi bila kujitokeza, atasamehewa akimkumbuka yule wa majini.)

Kwa hiyo Kiswahili kilianza vizuri. Kilikuwa na neno safi, na umri tumelibandika wenyewe. Muulize mtu chunusi ni nini, aghalabu atakujibu: vipele vya usoni vya vijana. Vitabu vya shule huziweka kwenye sura ya kubaleghe, kati ya sauti kuwa nzito na nywele kuota kwapani. Sura ikifungwa, chunusi hazitajwi tena. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba zina tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka, kama likizo.

Kuna kitenzi kinachotusaliti pia. Kijana huota ndevu, msichana huota maziwa, mtoto huota meno, na upele nao, wahenga walishalalamika, humwota asiye na kucha. Kuota ni kwa mambo yajayo kwa wakati wake. Kijana nasikia watu wakisema ameota chunusi. Mtu mzima yeye zimemtoka, au ametokwa nazo, kama atokwavyo na jasho au damu. Sidai kwamba hiyo ni kanuni ya sarufi. Ndivyo nisikiavyo mitaani, na ndani ya tofauti hiyo ndogo mna hukumu: kwa kijana kitu kimechipua, kwa mtu mzima kuna kitu kichafu kimevuja. Kutoka hapo hadi damu chafu ni hatua moja. Kisha unaletwa mwarobaini mchungu wa kunywa asubuhi kabla ya chai, au ushauri ule mwingine ambao hutolewa kwa sauti ya chini: ukiolewa zitakwisha, ukizaa zitakwisha. Aliyeolewa na kuzaa na bado anazo huachwa hivyo hivyo, maana ushauri umemwishia mshauri. Tunasema utu uzima dawa. Hapa haujawa dawa.

Ili tujue tunachokipa jina, tushuke kwenye ngozi yenyewe. Kila unywele wa uso, hata ule usioonekana, hutokea kwenye kinyweleo, na kando ya kinyweleo kuna tezi inayotoa mafuta. Tezi hiyo hupokea amri kutoka kwa homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo, na wakati wa kubaleghe amri huwa kali. Wakati huo huo seli za ukuta wa mlango wa kinyweleo, ambazo kwa kawaida hufa na kupukutika nje, hugandamana zisitoke. Mafuta yako nyuma, seli zilizogandamana ziko mbele, na mlango umezibwa. Mwili ukianza kupambana na kilichonaswa humo ndani, panavimba, panauma, panatunga usaha.

Kitu kilichoziba mlango huo kitabibu huitwa komedo. Ni Kilatini, na maana yake ni mlafi: watu wa kale walipokikamua wakaona uzi mweupe ukichomoza, wakadhani ni mnyoo unaokula nyama ya uso. Saluni zetu husema vichwa vyeusi na vichwa vyeupe. Sivipendi. Vimetoka Kiingereza moja kwa moja, ila hilo ningelivumilia. Kibaya zaidi ni kwamba neno vyeusi linamfanya mtu afikirie uchafu, akajisugue kwa dodoki hadi ngozi ichubuke, wakati weusi ule unatokana na melanini, rangi ile ile ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Sabuni haiutoi. Na Kiswahili kina neno lililokuwa likingoja siku zote: kizibo. Linatoka kwenye kitenzi kile kile ambacho ngozi inakitenda. Kizibo cha nje, ambacho mdomo wake uko wazi na rangi imeonekana. Kizibo cha ndani, ambacho ngozi imekifunika na kubaki kama chembe ya mchanga chini ya kidole. Sijaona kitabu kinachoyatumia majina haya hivyo. Nayapendekeza, na mwenye bora zaidi alete.

Nyuma ya kizibo anaishi bakteria ambaye majina yake ni somo zima la istilahi. Aliwahi kuitwa Bacillus acnes, baadaye Corynebacterium acnes, kisha kwa miaka mingi Propionibacterium acnes, hadi mwaka 2016 wanasayansi walipomhamishia kwenye jenasi mpya ya Cutibacterium, kwa maana ya bakteria wa ngozi. Mara zote hizo kilichobadilishwa ni jina la kwanza. La pili, acnes, limemganda, ingawa kiumbe huyu anaishi kwa amani kwenye nyuso za watu wasio na kipele hata kimoja. Kesi imeandikwa kwenye jina lake, na ndiyo maana mpaka leo wapo wanaodhani kwamba chunusi ni ugonjwa wa kuambukizwa kwa taulo.

Hadi hapo kijana na mtu mzima wako sawa: kizibo kile kile, tezi ile ile, bakteria yule yule. Kinachobadilika ni mahali, wakati na kina.

Za kijana hukaa juu. Hujaa paji la uso, pua na mashavu, pengine na mgongo. Vizibo vya nje na vya ndani vimetapakaa, na ngozi yote imelowa mafuta. Wavulana ndio hupata zile kali zaidi, kwa kuwa kwao testosteroni hupanda sana. Katika miaka ya ishirini mizani inageuka: wavulana wengi wanapumua, wasichana wengi wanabaki nazo. Zinashuka kidevuni, kwenye taya, kuzunguka mdomo, hadi shingoni. Si kwa wote. Wako wengi ambao uso mzima bado unahusika. Lakini mtu mzima mara nyingi vizibo vyake ni vichache na uvimbe wake ni wa kina: viwili, vitatu, vinavyorudi pale pale, aghalabu wiki ya mwisho kabla ya hedhi. Ngozi yenyewe nayo imekwisha badilika. Inaweza kuwa kavu na yenye kuwashwa huku bado inatoa chunusi, kwa hiyo dawa kali za kukausha mafuta, zilizomfaa binti, zinamchoma mama.

Kuhusu wingi, mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, walichapisha majibu ya watu wazima 1,013. Kati ya wenye miaka 20 hadi 29, wanawake asilimia 50.9 walisema wana chunusi, wanaume asilimia 42.5. Miaka 30 hadi 39, wanawake 35.2, wanaume 20.1. Miaka 40 hadi 49, wanawake 26.3, wanaume 12.0. Waliofikisha 50 na kuendelea, wanawake 15.3, wanaume 7.3. Ni watu waliojieleza wenyewe, hakuna daktari aliyewakagua nyuso, na Birmingham si Tanga. Lakini soma tena tarakimu mbili za mwisho za wanawake ukizilinganisha na neno shabab.

Niliwahi kusimama kwenye foleni ya duka la dawa nyuma ya mama mmoja wa makamo, mtandio ameuvuta hadi mdomoni. Kijana wa dukani akamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipatie dawa ya chunusi."

"Ya binti? Ana miaka mingapi?"

"Yangu."

Kijana akageukia kabati, akakaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akarudi na kiboksi chenye picha ya msichana wa sekondari mwenye mashavu laini. Mama alikigeuza, akaanza kukwangua kwa ukucha kibandiko cha bei kilichofunika maandishi. Mtandio ulipoteleza niliviona: vitatu chini ya taya la kushoto, vimejipanga. Havikuwa vyekundu. Vitabu huandika wekundu kama dalili ya kwanza, kwa sababu viliandikwa kwa kutazama nyuso nyeupe. Kwenye ngozi kama yake uvimbe huo ulikuwa mweusi ulioelekea zambarau, umekazika na kung'aa, na pembeni palikuwa na madoa ya vile vilivyotangulia. Kwenye kiboksi hapakuwa na neno lolote la kumhusu.

Tuziiteje basi chunusi zake? Tafsiri iliyo tayari ni chunusi za utu uzima. Inasomeka, lakini masikioni mwetu mtu mzima ni neno la heshima kwa mzee, na mwanamke wa miaka 27 aliyekuja kulalamikia kidevu hataki kuambiwa kwamba amekuwa mtu mzima. Makamo nayo ni neno zuri, lenye nafasi yake baada ya ujana na kabla ya uzee, ila madaktari huanza kuhesabu mapema zaidi: mtu akishapita miaka 25, chunusi zake zinaingia kwenye fungu la watu wazima. Wala lugha yetu haina uhaba wa majina ya rika. Tuna kigori, mwari, barobaro, shababi, ajuza, shaibu. Tuna hazina hiyo yote, na chunusi hazimheshimu hata mmoja.

Nililikimbilia ukubwani. Ni neno lenye mwili. Surua ya ukubwani, kila mtu anaelewa: kitu kilichopaswa kukupata utotoni kimekukuta na ndevu, na kwa kuwa kimechelewa kimekuja na nguvu. Kuogelea umejifunza ukubwani. Lina mshangao kidogo na aibu kidogo. Lakini lina mtego, na mtego huo tumekwisha kuuona kwenye kisukari. Watu walizoea kusema kisukari cha ukubwani. Baadaye watoto wakaanza kuugua kile kile, na wataalamu wakalazimika kurudi kwenye tarakimu kavu, aina ya kwanza na aina ya pili. Jina linalotegemea umri huvunjika siku mwili unapokataa kusoma kalenda.

Kilichonisaidia ni kuona kwamba madaktari wenyewe wanagawa fungu hili mara mbili. Kuna zile ambazo hazikuondoka tangu ujana. Mtu alibaleghe nazo, akaoa au akaolewa nazo, na ndizo nyingi. Halafu kuna zile zilizoanza baada ya miaka 25 kwa mtu aliyeuvuka ujana na uso laini, na ambaye sasa anajiuliza amekula nini au amerogwa na nani. Kwa hizi za pili, chunusi za ukubwani linakaa bila kupindika, kwa maana ile ile ya surua: zimechelewa kuja. Kwa zile za kwanza ningesema chunusi ng'ang'anizi. Kuna wanaoandika chunusi sugu, na hapo napinga. Sugu tumekwisha kulipa kazi nzito, tunasema malaria sugu na vimelea sugu kwa maana ya kilichoishinda dawa. Mwenye chunusi ng'ang'anizi huenda hajawahi kupewa dawa sahihi hata siku moja. Zinang'ang'ania, hazijashinda kitu.

Lakini wanawake wenyewe hawakungoja istilahi. Wanasema za kidevuni. Wanasema hizi ni za siku zangu. Ni majina ya mahali na wakati, na kwa daktari yana thamani kuliko jina la umri, kwa sababu yanataja homoni bila kuitaja. Mwanamke akisema za kidevuni, na hedhi yake inaruka miezi, na nywele nene zimeanza kuota kidevuni hapo hapo, ameeleza picha ambayo inampasa mtu kupimwa kama ana ile hali ya ovari iitwayo PCOS kliniki. Uzazi wa mpango nao una lugha yake hapa. Vidonge vya majira vile vyenye homoni mbili huzituliza chunusi kwa wengi. Vijiti, sindano na vile vitanzi vyenye homoni huweza kuziamsha kwa baadhi ya wanawake. Anayeulizwa "unatumia njia gani?" kabla ya "unapaka nini?" amepata muuguzi mzuri.

Kwa wanaume nitakuwa mfupi. Vipele vya ndevu, vinavyokuja baada ya wembe, si chunusi. Ni nywele zilizojikunja na kuchoma ngozi upya, na dawa yake ya kwanza ni kupumzisha wembe.

Sasa madoa, maana kwenye ngozi nyeusi chunusi ikiondoka ndipo kesi inapoanza. Palipovimba huachwa rangi nyeusi ambayo hudumu miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Hilo ni doa, au likiwa pana, baka. Ni rangi tu. Ukipitisha kidole hukuti kitu, na kwa subira na kinga ya jua hufifia. Kovu ni jingine: ngozi imebomoka, pamebaki shimo au mwinuko, na halifutiki kwa kupaka. Kiswahili kinayo maneno yote haya, lakini mitaani tunayamimina kwenye kapu moja. Watu husema makovu ya chunusi wakimaanisha madoa, na mwenye kuuza krimu anashangilia, kwa sababu anaweza kuahidi kufuta makovu, doa likafifia lenyewe, akapokea sifa.

Na hapo ndipo mkorogo unapoingia. Neno lenyewe ni la kweli kuliko tangazo lolote: kilichokorogwa. Ndani yake mara nyingi hukutwa haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali za kupaka, vitu ambavyo mamlaka zetu zimevipiga marufuku kwenye vipodozi. Steroidi huanza kwa kutuliza uvimbe na kung'arisha, mtu akafurahi. Ikiendelea huzalisha chunusi za aina yake, vipele vidogo vinavyofanana kama pacha, huku ngozi ikikonda. Mwanamke aliyepaka ili kuondoa madoa ya chunusi anaongezewa chunusi, na akiacha uso unawaka, hivyo anarudi. Baadhi ya kinachoitwa chunusi za watu wazima katika miji yetu kimetoka kwenye kopo hilo.

Mafuta ya nywele nayo yanastahili mstari wake. Mwaka 1970 Plewig, Fulton na Kligman waliandika kuhusu chunusi za pomedi: wanaume weusi wa Marekani waliopaka mafuta kichwani kwa muda mrefu walijaa vizibo vidogo vya ndani kwenye paji la uso na panjani, mafuta yanaposhukia. Nikitaja jina la Kligman siwezi kunyamaza kwamba ndiye aliyetumia miaka zaidi ya 20 akifanya majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg huko Philadelphia. Elimu hii ya nyuso safi ina doa lake. Fulton, Plewig na Kligman hao hao ndio waliochapisha mwaka 1969 utafiti wa watu 65 uliosema chokoleti haileti chunusi, na watengenezaji wa chokoleti walikuwa wamechangia fedha. Kwetu kesi hiyo huwa ya karanga. Ushahidi uliopo leo unaelekeza kidole zaidi kwenye vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, na kwa kiasi fulani kwenye maziwa, kuliko kwenye karanga za mama lishe.

Na kutumbua je? Tangu mwishoni mwa 2015, Rais John Magufuli wa Tanzania alipoanza kuwaondoa watendaji wabovu, kutumbua majipu kukawa msemo wa taifa, na jipu likapata umaarufu ambao halikuuomba. Msemo ulikuwa sahihi kitabibu kwa kiasi chake: jipu huiva, hutoa mdomo, na likitumbuliwa mgonjwa hupata nafuu. Chunusi haistahili kitenzi hicho. Chunusi hukamuliwa, huminywa, hubinywa. Lugha inaweza kutofautisha, kucha hazitofautishi. Ule uvimbe wa taya hauna mdomo, wala hautaiva kwa kusubiri. Ukiubana, ukuta wa kinyweleo hupasukia ndani, uvimbe unasambaa, na kilichokuwa kinaelekea kuwa doa kinakuwa kovu.

Limebaki neno moja gumu, nalo ni dozi. Tumefundishwa vizuri, kwa malaria na kwa kifua kikuu: maliza dozi upone. Mwenye chunusi naye anakuja akitaka dozi. Dawa za kupaka za jamii ya retinoidi, au benzoili peroksaidi (itakayofubaza foronya na taulo zako za rangi, bora uambiwe mapema), zinahitaji takriban wiki 12 kabla ya kuhukumiwa, na zikifaa zinaendelea kutumiwa. Antibiotiki za kumeza haifai kutumiwa peke yake wala kwa muda mrefu. Isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982, ndiyo inayokaribia zaidi kuwa dozi kwa maana yetu, yenye mwanzo na mwisho, lakini humdhuru vibaya mtoto tumboni, na kwa mwanamke wa umri wa kuzaa hilo linatangulia mambo mengine yote. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari wa ngozi, na madaktari hao ni wachache kwetu. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na bado foleni ni ndefu.

Kwa hiyo kwenye vipeperushi ningependa tuandike kutulia mahali pa kupona. Chunusi za ukubwani hutulia. Zinaweza kuamka mwezi fulani, zikatulizwa tena. Mwaka 2023 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Uingereza la wanawake 410, wote wenye miaka 18 na zaidi, waliopewa spironolaktoni, dawa ya zamani ya shinikizo la damu na moyo ambayo pia huzuia androjeni, au kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopewa dawa walipata nafuu zaidi, na tofauti ilionekana vizuri zaidi wiki ya 24 kuliko ya 12. Nayo haitumiwi na mjamzito. Wiki 24 ni karibu miezi sita. Kiboksi kile chenye picha ya msichana wa sekondari huisha ndani ya mwezi mmoja, na juu yake, hata ukikwangua bei yote, hapajaandikwa kwamba ni mapema mno kukata tamaa.